Dindon ya Bonane na Kasuku ya Mamamukwe

Mi hapana mutu wa hasira. Batu njo bananichokozaka. Bwana yangu Ézéchiel akisikia nasema vile anacheka mpaka anashika ukuta, lakini mumuulize mwenyewe: nani alianza, mi ao mama yake?

Siye tunaishi Butembo, mu nyumba ya matofali yenye iko na muti ya avoka, ile parachichi, mbele ya mulango. Mama ya Ézéchiel, Mama Abigaïl, anaishi Beni, kule ku Mavivi, karibu na kiwanja ya ndege. Anaishi na kasuku. Kasuku ile iko na rangi ya majivu na mukia mwekundu, na jina yake ni Diakoni, juu kila siku akiona chakula anapandisha kichwa na kusema «Tuombe!», na sauti ya mushemasi kabisa. Mama Abigaïl alizaa batoto saba, lakini ukimuuliza batoto yake ni banani, ataanzia ku Diakoni.

Bonane ya mwaka jana, ile siku ya kwanza ya mwaka, alikuya kututembelea, Diakoni mu kizimba yake ya waya. Mi, na moyo yangu yote, nikasema: huyu ndege anatoka mbali, anasikia njaa. Nikavuna avoka moya ya kuiva muzuri, nikaikata, nikamulisha na kijiko. Muelewe, huku Butembo avoka tunapaka ku mukate, tunapatia mugonjwa, tunapatia mutoto mwenye hajaota meno. Mbwa anakula, nguruwe anakula. Nani aliniambia kama ni sumu kwa kasuku? Kisha saa moya Diakoni alikuwa chini mu kizimba, manyoya imesimama, macho nusu-nusu. Mama Abigaïl alilia mpaka bajirani bakakuya kuuliza nani amekufa. Nikamuletea sahani ya chakula ili moyo imutulie. Akasema hapana. Bon! Nikakamata sahani yangu, nikairudisha jikoni. Asubui yake akapanda gari ya Beni na ndege yake, na kisha siku tatu Diakoni akapona, Mungu asifiwe.

Kutoka pale, mwaka muzima, mama ya bwana yangu hakuweka kitu yangu mu kinywa. Alikuya mara tatu, na kila mara na thermos yake ya muchele na maharagi. Anakaa mu kona, ananipa mugongo, anakula. Muniambie basi: mamamukwe akikulia mu thermos ndani ya nyumba yako, bajirani banasema nini? Banasema mi, Falonne, niko na dawa mu chungu. Lakini maneno ya bajirani ilikuwa kitu kidogo. Kitu kikubwa ni kama ilikuwa inaniuma. Mama mwenye alinizaa alikufa zamani, na nilikuwa nataka huyu akule chakula yangu, basi. Sikusema kwa mutu, ata kwa Ézéchiel.

Mwanzo wa desemba simu ikalia.

«Falonne,» akasema, bila salamu. «Bonane nakuya. Diakoni njo ataonja chakula yako wa kwanza. Akikula, na mi nakula. Akikataa, niko na thermos yangu.»

Akakata simu.

Ékié! Mi, mwanamuke wa miaka makumi tatu na moya, mwimbaji wa chorale ya kanisa, chakula yangu ipitishwe examen, mtihani, na ndege! Nilitembea mu nyumba nikibamiza kila mulango, na mulango zikiisha nikarudia zile za kwanza. Ézéchiel akakumbuka kama iko na kazi kwa rafiki. Kisha nikakaa chini, pumzi ikarudi, na kicheko ikanikamata peke yangu. Juu nilikuwa nimesikia ile neno, na masikio yangu mawili: «na mi nakula». Mwaka muzima hakuitaja. Basi nikasema, Falonne, kama ni ndege njo atafungua njia, huyu ndege utamupendeza mpaka asahau Beni.

Kesho yake nikaenda kwa Esdras, vétérinaire wetu, muganga wa banyama, mutu mwenye anasema polepole sawa mwenye analipwa kwa saa.

«Esdras, kasuku anapendaka kukula nini?»

«Kenye anapenda, ao kenye kinamufaa?»

«Yote mbili. Niko mbio.»

Akavua miwani, akaipanguza. «Mama Mumbere, ndege iko sawa mutoto. Anapenda bitu byenye binamuharibu. Avoka, hapana.»

«Ile najua!»

«Cacao, hapana. Kahawa, hapana. Kitunguu, hapana. Chumvi, hapana. Frites za viazi, hapana. Bia, hapana.»

«Nani anapatiaka ndege bia?»

«Usiniulize. Kuko mutu wa heshima mu mambo ile.»

«Basi akule nini, Esdras? Upepo?»

Akacheka na yeye. «Akule mahindi mubichi. Karoti. Majani ya lenga-lenga. Paipai. Boga pamoja na mbegu zake, ni muzuri sana kwa manyoya. Na ngazi, Mama Mumbere, zile ngazi nyekundu zenye tunakamua mafuta. Kidogo tu, usizidishe. Ukimuonyesha kasuku ngazi ya kuiva, ata kama ni diakoni, anaacha kanisa.»

Nikamwambia «wasingya», aksanti ya Kinande, nikaondoka nikiimba mu njia.

Sasa, Mama Mumbere njo mi. Siye Banande, mutoto mwanaume wa kwanza banamuita Mumbere mara mingi sana. Ukipiga kelele «Mama Mumbere!» mu soko ya Butembo, bamama makumi mbili banageuza kichwa, na mwenye deni anakimbia.

Nikapanga mambo yangu. Kuku ni ya kila mutu. Mi nilitaka dindon, ile bata mzinga yenye inavimbisha kifua. Nikaagiza kwa mukulima moya wa Alimbongo. Ikafika tarehe makumi mbili na tisa, juu ya kamyo, lori ya viazi, kilo nane, miguu imefungwa na kamba, na kabla ya kushuka ikauma mukono ya motard, dereva wa pikipiki, mwenye alikuwa anasaidia kuishusha. Ézéchiel akaiangalia, akaniangalia.

«Mumefanana,» akasema.

Nikamutuma akalete kuni, na kuni zilikuwa zimejaa jikoni.

Ngazi haiotake huku kwetu, ni baridi. Nikatuma mutu Kalunguta, kule kwenye joto, bakaniletea beseni. Tarehe makumi tatu na moya dindon ikachinjwa, tukaimwangia maji ya moto, tukaing'oa manyoya mpaka bidole ikauma. Nikachemusha mahindi mubichi, karoti, boga na mbegu zake, lenga-lenga, yote bila chumvi, bila kitunguu. Nusu nikaitia mu tumbo ya dindon, nikashona na uzi. Nusu nikaiweka mu bakuli ya Diakoni. Vile kinywa ya ndege na kinywa ya mama ingekuta chakula moya. Chumvi, saumu na tangawizi nikapakaa inje tu, ku ngozi. Njo ilikuwa akili yangu, na niliona ni akili ya mutu wa université.

Shida ni kama dindon ya kilo nane haiingiake mu chungu yoyote ya nyumba. Tulijaribu mu sufuria ya sherehe. Miguu ikabaki inje. Kwa hiyo asubui ya Bonane, saa kumi na mbili, nikaibeba ku kichwa mpaka kwa Kitsa, mwenye furu, ile tanuri ya mikate. Mikate yake ilikuwa imetoka, matofali iko moto, lakini moto ya polepole, ile yenye inaivisha bila kuunguza. Pale kulikuwa sani, zile sinia, za bamama bengine. Kitsa akasukuma dindon yangu ndani na kibao yake ndefu, akakamata chaki, akaandika ku ukuta: Mama Mumbere.

«Urudi saa tano,» akasema.

Nikaenda kanisa. Niliimba vizuri, lakini ya kweli, roho yangu ilikuwa mu furu.

Saa tano Kitsa akaingiza kibao, akavuta sani, akaniwekea mbele. Ndani kulikuwa kuku. Kuku moya, ndogo, ya kukonda, imekunja miguu sawa inaomba musamaha.

«Kitsa. Hii ni nini?»

«Ni yako, Mama Mumbere.»

«Nilileta dindon ya kilo nane!»

Akaangalia kuku, akakwaruza kichwa. «Labda moto imeipunguza.»

«Kilo sita, Kitsa? Imepunguza kilo sita na shingo?»

Akarudi ku ukuta wake. Kulikuwa Mama Mumbere mara mbili, moya huku, moya kule, chaki ileile. «Aaah,» akasema polepole. «Mama Mumbere alishakuya kukamata yake.»

«Mama Mumbere njo mi!»

«Na yeye pia njo yeye.»

Mungu aliniona. Nilikamata ile kibao, na niliirudisha chini.

«Huyu mwengine ni nani?» nikauliza.

«Adèle. Mwenye anauzaka mboga ya poireaux mu soko.»

Nikaruka ku pikipiki ya motard, kuku ya Adèle ku magoti, sani inaniunguza mapaja, nasukuma motard mugongo: «Enda! Enda! Bako na visu!» Maskini, alifikiri ni vita, akaenda mbio mpaka tukapita nyumba ya Adèle, tukarudia. Mu kichwa yangu niliona Mama Abigaïl anafungua thermos, na ile picha ilinitoa machozi mu macho.

Adèle ni rafiki yangu wa soko, Mukatolika, alikuwa ametoka misa sasa hivi. Nikakuta jamaa yote imezunguka meza, dindon yangu katikati, inangaa, na bwana yake amesimama na kisu juu.

«Usikate!» nikapiga kelele ku mulango.

«Falonne!» Adèle akanikimbilia na mikono wazi. «Kuya uone baraka!»

«Adèle. Kuku yenye ulipeleka kwa Kitsa ilikuwa kiasi gani?»

Akanionyesha na mikono. Kidogo.

«Na hii?»

Akaangalia dindon. Akaangalia sani yangu. Aibu ikaanza kumupanda shingoni. «Mi nilizani ni ile furu,» akasema. «Mukate inaingia kidogo, inatoka kubwa. Nikasema, labda na kuku inavimbaka.»

Nilikuya na hasira ya kutosha kuvunja meza. Mahali iliendea, sijui. Nikakaa chini ku simenti na sani yangu, Adèle akakaa kando yangu, tukacheka mpaka tukashindwa kupumua. Bwana yake alibaki amesimama na kisu.

«Kwa hiyo haivimbake?» akauliza, na huzuni ya kweli.

Nikamuahidia paja moya, nikamuachia kuku yake, nikabeba dindon yangu, nikarudi mbio.

Mama Abigaïl alikuwa amefika. Amekaa mu salon, sebule yetu, kitenge mupya ya Bonane, thermos katikati ya miguu, kizimba juu ya meza. Nikapiga magoti, nikamusalimia na mikono yangu mawili.

«Bonane, Mama. Mumefika vizuri? Njia ilitulia?»

«Ilitulia,» akasema. «Vumbi tu. Niko nataka kuoga.»

Ézéchiel akamupelekea maji ya moto. Mi nikabaki peke yangu na Diakoni. Aliniangalia na jicho moya, kisha na lile lingine. Nikasema: Falonne, uache. Lakini nilitaka tu kujua kama atakubali, musinihukumu. Nikaleta bakuli. Akakamata punje ya mahindi. Akakamata karoti. Akakula! Nikafungua mulango ya kizimba, nikamupa ngazi moya. Akaishika na muguu yake, sawa mutu mwenye anashika kikombe ya chai, akafunga macho, akaanza kuikwangua polepole. Jamani, nilisikia furaha ikinipanda mpaka ku masikio! Nikamupa ya pili. Akasema «Mama», na sauti ya Ézéchiel ya utoto. Nani angekataa? Esdras aliniambia nisizidishe, lakini Esdras hakuwa pale. Diakoni alikula ngazi kumi na moya.

Tukakaa ku meza. Dindon ilikuwa katikati, ngozi mwekundu, mafuta inatelemuka, harufu ya tangawizi imejaa mpaka inje. Mama Abigaïl akakaa mbele yangu, Diakoni ku mabega ya kiti yake, thermos kando ya sahani. Mumbere wangu, mwenye miaka ine, alikuwa amekaza macho ku paja ya dindon. Ézéchiel alikuwa anatoka jasho mu baridi ya Butembo.

«Tuombe!» Diakoni akasema.

Siye bote tukafunga macho, ni mazoea. Tukangojea. Hakuna mutu alianza, juu kila mutu alifikiri mwengine njo ameitwa. Tukangojea tena. Nikasikia tumbo ya Ézéchiel. Mwisho nikafungua jicho moya, nikakuta jicho moya ya Mama Abigaïl linaniangalia. Akalifunga haraka! Lakini mabega yake ilikuwa inatetemeka, na mi nikauma midomo nisicheke mbele ya Mungu. Ézéchiel akaomba maneno tano, akasema amina.

Nikafungua uzi ya dindon. Nikakamata kijiko ya ndani, mahindi na boga, moshi inapanda. Nikaiweka mu kisahani mbele ya Diakoni.

Akaangalia.

Akapanguza mudomo ku kiti.

Kisha akageuka, akatupa mugongo siye bote, akaingiza kichwa mu manyoya, akalala.

Mukono ya Mama Abigaïl ikaenda polepole ku thermos.

Ile njo ilinivunja. «Mama, ameshiba!» nikasema, na sauti yangu ikapanda bila kuniuliza. «Nilimupa ngazi kumi na moya wakati ulikuwa unaoga. Kumi na moya! Anapenda chakula yangu, amekula yote, mi mwenyewe nimemushibisha na upumbavu yangu. Bon. Nimeshindwa. Kula thermos yako.» Machozi ilikuwa inanitoka, na ile ilinizidishia hasira. Nikasimama, nikakamata sani ya dindon na mikono mawili, kilo nane yote, niipeleke jikoni.

«Weka pale!»

Mama Abigaïl alikuwa amepiga meza mpaka Diakoni akaamuka. Nikaweka.

«Kila mara unakimbia na sahani!» akasema. «Kila mara! Mwaka jana uliniletea chakula. Nikasema hapana. Nikasema mara ngapi, Falonne?»

«Mara moya, Mama.»

«Mara moya! Mugeni anasemaka hapana mara moya, na mwenye nyumba anasema tena, mama kula. Kwenu hamukufundishwa? Nilikuwa na huzuni ya ndege yangu, nilikuwa na njaa, nikasema hapana sawa mutu wa adabu. Nikageuza kichwa, sahani iko inaenda! Nikajisemea, huyu mutoto hataki nikule kwake. Nikakaa na njaa usiku muzima.»

Mwaka muzima!

«Lakini Mama, na ile thermos?»

«Thermos ilikuwa ya kukuumiza,» akasema, na hakuona aibu. «Nilizani siku moya utanipokonya. Haukuipokonya.»

«Na Diakoni kuonja?»

Akatengeneza kitenge yake ku mabega. «Diakoni anakulaka ata sabuni,» akasema. «Nilikuwa natafuta njia ya kurudi ku meza yako, na nilikosa ingine.»

Ézéchiel akaanza kucheka, kisha akaona macho yetu mbili, akaacha.

Nikazunguka meza. Nikakamata ile thermos, nikaipokonya, nikampa Ézéchiel aishike. Nikakata nyama ya kifua, ile nyeupe, na ngozi yake, nikaweka mu sahani ya Mama Abigaïl, na kijiko mbili za mahindi na boga.

«Mama, kula.»

«Hapana,» akasema.

Nikakaribia kusimama. Damu yangu, munajua vile iko. Lakini nikaona midomo yake inakaza kicheko, na nikakaa.

«Mama, kula.»

Akakula. Akatafuna polepole, macho ku dirisha, na mi nikashika ukingo ya meza. Akameza. Akasukuma sahani kwangu, nikaongeza. Akasukuma tena. Alikula kifua, alikula bawa, alikwangua yote yenye ilikuwa mu tumbo ya dindon, na Mumbere akalilia paja mpaka akapewa. Kila mara nilisema «Mama, kula», ata wakati kinywa yake ilikuwa imejaa, na kila mara alisema hapana, na tulicheka mpaka Ézéchiel akatoka inje kupumua.

Mwisho akaegemea kiti, akaniita karibu, akaniambia ku sikio nimulegezee kitenge ku kiuno, imemubana.